Je, Kusamehe Ni Kusahau?



Likizo ya Desemba tulisoma kitabu na vijana wetu wa sekondari. Kinaitwa The Giver, cha Mmarekani Lois Lowry, na kilitoka 1993. Mzazi mmoja aliniuliza, "Pasta, riwaya ya nini na Biblia iko?" Nikamwambia angoje aone. Kumbe wa kuona nilikuwa mimi.

Ni habari ya mji usio na fujo. Hakuna njaa, hakuna vita, jirani hagombani na jirani. Mke unachaguliwa, kazi pia. Hata rangi watu hawazioni tena, ili wote wafanane. Kila siku wanameza tembe za kutuliza hisia. Kumbukumbu zote za zamani, tamu na chungu, amebebeshwa mzee mmoja peke yake, na mvulana wa miaka 12, Jonas, anateuliwa kuzipokea. Siku moja Jonas anamwona baba yake, mtu mpole ambaye kazi yake ni kulea watoto wachanga, akimdunga mtoto sindano ya kumuua kwa sababu ni pacha aliye mwepesi kuliko mwenzake. Anafanya hivyo akimbembeleza. Si kwamba ana roho mbaya. Uchungu wa kifo haujui, maana uliondolewa kwake.

Hapo msichana mmoja wa kidato cha tatu akainua mkono. "Pasta, ile 2008 wewe ulikuwa wapi? Nyumbani nikiuliza naambiwa hayo yalipita." Nikajibu haraka, "Ni kweli yalipita, tunamshukuru Mungu." Tukaomba, tukafunga. Usiku huo sikulala.

Mtoto huyo hajawahi kuambiwa kwamba wiki ya mwisho ya Januari 2008 Nakuru hii yetu ilichomwa, na uwanja wa maonyesho ya kilimo ukajaa mahema ya waliofukuzwa. Hajaambiwa kwamba tarehe 1 mwezi huo watu walikimbilia kanisa la Wapentekoste wenzetu, Kenya Assemblies of God pale Kiambaa karibu na Eldoret, wakachomewa ndani, wengi wao akina mama na watoto. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano nayo ilikabidhi ripoti yake Mei 2013. Ni wangapi kati yetu tumeifungua hata ukurasa mmoja? Tuliambiwa tukubali tusonge mbele, tukasema amina.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kusonga mbele. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Jirani tuliyeishi naye kwa ploti moja alikimbia usiku na familia yake, akatuachia cherehani yake ya miguu. "Niwekeeni, nitarudi." Mwaka ukaisha. Mama alikataa tuiguse, nikamwambia, "Huyo harudi." Niliiuza shilingi 6,000, zikaingia kwa karo ya chuo. Ndiyo kusema nilisomea biashara kwa cherehani ya mtu. Nimehubiri msamaha mara nyingi, na hiyo cherehani sijawahi kuitaja.

Chuoni huko tulifundishwa hesabu. Deni ukilifuta kwenye daftari bila kulipa, daftari litapendeza, lakini deni liko palepale, na anayekudai analijua.

Mtu ataniuliza, Paulo si anasema anayasahau yaliyo nyuma? Ndiyo, Wafilipi 3:13. Lakini rudi juu kidogo, mstari wa 6: Paulo huyohuyo anaandika wazi kwamba alilitesa kanisa. Alilitaja kosa lake kwanza, ndipo akaliacha nyuma. Na Bwana wetu alipofufuka, makovu hayakufutwa. Tomaso aliambiwa ayaguse (Yohana 20:27).

Najua pia kuna kukumbuka kunakochochea. Wako wanaowasimulia vijana ya zamani ili washike panga. Hao wanahesabu madeni ya upande wa pili tu. Kukumbuka kwa Mkristo kunaanzia kwa deni lake mwenyewe.

Tena katika kile kitabu mzee mmoja anabeba uchungu wa mji mzima. Kwetu ni mama fulani anayelia kila kesha la mwaka mpya, nasi tunamwambia, "Mama, kuwa na imani." Hiyo ndiyo tembe yetu. Wagalatia 6:2 inatuagiza tubebeane mizigo, na mzigo wa mtu huwezi kuubeba kama umekataa kuusikia.

Mwezi uliopita nilitafuta namba ya jirani yule mpaka nikaipata. Nikajitambulisha, nikamweleza yote. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Nilijua mliiuza. Niliogopa tu kuuliza." Nikamwomba msamaha. Hakuniambia kama amenisamehe. Aliuliza hali ya mama, tukaagana. Namlipa kidogo kidogo, kwa bei ya cherehani ya leo. Na yule msichana nimemjibu swali lake, mbele ya wenzake wote.

Wiki hii, katika ushirika wa nyumbani, msianze na swali la nani alitukosea. Kila mmoja ajiulize kwanza: ni kitu gani cha jirani kiko kwangu mpaka leo? Inaweza kuwa mali, inaweza kuwa shamba, inaweza kuwa neno ulilolisema ukiwa umesimama mlangoni pake. Na watoto wakiuliza, tafadhali msiwaambie yalipita.

Mungu awabariki.