Bandu Bandu Huisha Gogo

Aprili yote jirani yangu hapa Lurambi alikuwa na gogo la mkaratusi uani. Kila alasiri, kabla mvua ya Kakamega haijaanza kupiga mabati, alilirudia kwa shoka. Mimi barazani nilikuwa na gogo langu: vitabu vitatu nilivyoapa kuvimaliza kabla ya Mei.

Methali hii shuleni tuliipokea kama ya kutia moyo. Kurasa kumi leo, kumi kesho, kitabu kitakwisha tu. Lakini isikilize tena. Haba na haba hujaza. Bandu bandu huisha. Ndiyo maana hutumika pia kuonya: mali humalizwa na vipande vidogo ambavyo mwenyewe haoni haja ya kuvihesabu. Hata msitu wetu wa Kakamega, baki la msitu wa mvua uliowahi kutandaa hadi Kongo, haukuliwa kwa siku moja.

Siku Njema ya Ken Walibora niliimaliza kwa siku nne, pengine kwa kuwa Kongowea Mswahili, akitoka Tanga kumtafuta babake, anafika Kitale, mji ambao stendi yake naijua. Kusadikika ya Shaaban Robert, kitabu chembamba cha 1951, ilinichukua wiki mbili. Humo Karama ameshtakiwa, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita, mmoja baada ya mwingine. Kila kisa kinabandua kidogo ugumu wa baraza. Angemwaga yote kwa pigo moja, nani angemsikia? Subira ya methali hii, basi, si ya kukaa ukingoja. Anayebandua hupiga palepale alipopiga jana.

Rosa Mistika ya Kezilahabi ndiyo iliyonishinda, na kosa si lake. Dakika tano za kusoma ujumbe kwenye simu, kumi za video, mara stima zimepotea na usiku umeingia. Nilijiona mwenye shoka, kumbe gogo lilikuwa jioni zangu.

Tarehe 30 uani kwa jirani palikuwa peupe. Mkewe alikuwa ameinama akiokota mabanzi kwenye karai, hata yale membamba kama njiti, maana hayo ndiyo huwahi kushika moto. Mimi nilikuwa na daftari lenye maneno manane niliyoyaokota kwa Shaaban Robert, na kipande cha gazeti kikingoja kwenye ukurasa wa 41 wa Rosa Mistika.