Msilisingizie Tundu la Moyo

Wanangu mnaoanza kazi wodini, nina neno juu ya mgonjwa mmoja. Ana miaka 30 na kitu, hana presha, hana sukari, kaamka mkono na mguu wa upande mmoja hauna nguvu. Picha ya kichwa inaonyesha mshipa umeziba. Vipimo vya kawaida havitoi sababu. Kisha mpimaji wa ultrasaundi anasema ana katundu kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo. Hapo nawaona mnashusha pumzi, mnafunga faili. Lifungueni tena.

Tundu hilo sote tulikuwa nalo tumboni mwa mama. Mtoto hajaanza kupumua kwa mapafu, kwa hiyo damu yenye oksijeni kutoka kondo la nyuma hupitia hapo kwenda upande wa kushoto. Akizaliwa na kuvuta pumzi, msukumo wa upande wa kushoto hukibana kifuniko, na kwa wengi hushikana. Kwa mtu 1 kati ya 4 hivi hakishikani kabisa. Tazameni benchi la wanaosubiri kliniki, nanyi mjihesabu humo: wanalo kadhaa, na wengi watazeeka bila kujua. Kwa hiyo mkilikuta kwa mwenye kiharusi, mmekuta jirani aliyekuwa macho usiku wa wizi. Mhojini kwanza.

Shaka yenyewe haikutoka hewani. Julius Cohnheim wa Ujerumani alieleza mwaka 1877 jinsi bonge la damu kutoka mguuni linavyoweza kupenya tunduni na kufika kwenye mishipa ya mwili badala ya kuishia mapafuni. Basi ulizeni: alikaa safarini muda mrefu? Amejifungua karibuni? Anameza vidonge vya uzazi wa mpango? Dalili zilipoanza alikuwa ananyanyua gunia, anakohoa, anajikamua chooni? Ultrasaundi ya miguu ifanyike siku hizo hizo, maana bonge likiyeyuka ushahidi umekwenda.

Na msiseme kiharusi hakina sababu kabla ya kuitafuta. Huku kwetu kijana hupooza kwa selimundu, kwa vali iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi, kwa VVU, kwa kaswende. Kuna pia moyo unaopiga ovyo kwa vipindi, ambao ECG moja ya sekunde chache huukosa. Mashine ya kuvaa siku kadhaa ikikosekana, rudieni ECG, na shikeni mapigo mkononi kila asubuhi. Hilo halina gharama, ila naona mnaliona la kizamani.

Mwaka 2013 David Kent na wenzake walitoa hesabu ya alama 0 hadi 10. Kadiri mgonjwa alivyo kijana, asiye na presha, kisukari, sigara wala kiharusi cha zamani, na doa likiwa kwenye gamba la ubongo, ndivyo alama zinavyopanda na tundu linavyostahili kushukiwa. Mzee mwenye presha alama zake huwa chini. Ariel Sharon, waziri mkuu wa Israeli, alikuwa na miaka 77 alipopata kiharusi kidogo Desemba 2005. Tundu likaonekana, akaanzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda, akapangiwa kuzibwa tarehe 5 Januari. Tarehe 4 ubongo ulivuja damu, naye hakuamka tena hadi kufa 2014. Wataalamu walibishana sana juu yake, nami siwahukumu waliomtibu. Nataka tu mwone kwamba hata dawa ya kungojea matibabu ina hatari yake.

Kwa aliyechaguliwa vizuri, kuziba kunasaidia kweli. Katika utafiti wa CLOSE wa Ufaransa, uliotoka 2017, waliozibwa kwa katheta walikuwa 238 na hakuna aliyepata kiharusi kingine. Kati ya 235 waliopewa dawa za aina ya aspirini peke yake, walipata 14. Wote walikuwa na miaka 60 au chini, na tundu lao lilikuwa kubwa au ukuta wake unapepea. Lakini waliozibwa walipatwa zaidi na yale mapigo ya ovyo, takriban 5 kwa 100. Tena aspirini haiachwi kwa sababu tundu limezibwa.

Yote haya mwelezeni mgonjwa akiwa na ndugu zake. Wakisikia tundu la moyo wanawaza watoto wanaopelekwa India, na baba anaanza kutafuta mnunuzi wa shamba kabla hamjamaliza sentensi. Waambieni kwamba hili ni jingine, halimchoshi wala halimbani pumzi, na kwamba akiwa kwenye dawa hatari ya kiharusi kingine ni kama mtu 1 kwa 100 kwa mwaka. Kisha wapeni siku chache wazungumze nyumbani.