Subira na Dawa ya Maumivu

Twapenda kuwakumbusha ndugu zetu jambo lililoenea majumbani mwetu, nalo ni kumwacha mgonjwa wa saratani aungulike kwa maumivu, hali dawa iko, kwa kudhani ya kuwa huko ndiko kusubiri.

Kwamba maradhi hufuta dhambi ni kweli. Hata mwiba umchomao Muislamu una malipo yake. Lakini wapi tumeambiwa tuuache mwiba mguuni? Mtume (S.A.W.) ameamrisha watu wajitibu. Nabii Ayubu, ambaye kwa subira ndiye mfano wetu, alimlilia Mola wake dhara iliyompata, wala hakutolewa katika wenye kusubiri. Wengine hutuletea kisa cha Urwa bin Zubeir, aliyekatwa mguu akakataa kinywaji cha kumpoteza fahamu. Vyema, lakini Urwa alijichagulia nafsi yake. Hatukusikia ya kuwa alimchagulia mamake.

Iko na ada yetu nyingine, njema, itudhuruyo pasi na kujua. Daktari amwuliza bibi, “Waonaje hali?” Naye, kwa adabu aliyolelewa, ajibu, “Alhamdulillahi, sijambo.” Basi huandikwa kuwa hana maumivu! Na tumshukuru Mola, kisha tuseme: paniuma hapa, tangu siku kadha, na usiku silali. Mtume mwenyewe, alipoulizwa juu ya homa yake, alisema apata homa ya watu wawili. Wala si sisi peke yetu. Huko Marekani, mwaka 1994, ilichapishwa ya kuwa wagonjwa wa saratani wa vituo vyenye wengi wa jamii za wachache walielekea mara tatu zaidi ya wenziwao kutotulizwa maumivu yao ipasavyo.

Ama mofini, watu huiogopa kwa kuwa asili yake ni afyuni, na wana haki, kwani tumeona unga ulivyowala vijana wetu. Lakini dawa ya maji ipimwayo na daktari, ikaanzwa kwa kiasi kidogo, ikanywewa kila baada ya saa 4, si unga wa vichochoroni. Ni nadra mgonjwa wa saratani kuwa mraibu kwayo; haja ikiisha, daktari huipunguza kidogo kidogo. Usingizi wa siku za mwanzo aghalabu hupungua. Kufunga choo ndiko kubakiako, nako kuna dawa yake. Wanavyuoni nao wamezijuzisha dawa kama hizi kwa dharura na kwa kipimo. Na achelewaye kumkosesha mgonjwa shahada, na atwambie: ni yupi aliye karibu zaidi na dhikri, aliyetulia au apigaye mayowe?

Ramadhani ikiingia, mgonjwa huyu asiache dawa ya mchana ili afunge, kwani maumivu yakisha kurudi huwa magumu kutulizwa. Suratul Baqara imempa ruhusa ya kula. Na ambaye hatarajiwi kupona hulisha masikini mmoja kwa kila siku. Wamuuguzao waiweke saa mbele yao, wampe ya saa 4 na ya saa 8 kama walivyompa ya alfajiri.