Shauri la Asiyesema
Punda abebaye madumu ya maji kutoka ufukwe wa Ziwa Viktoria hadi vijijini Usukumani, meno yake yasiyokoma kuchomoza yakiota ncha na kumchana shavu, hudondosha majani aliyoyatafuna nusu. Na iwapo tabibu, akizisawazisha ncha hizo, atapitisha tupa hadi kwenye fizi, punda amlalamikie nani? Sheria ya Veterinari ya Tanzania ya mwaka 2003 imeweka Baraza la kuwarudi wataalamu wakosao, lakini mlalamikaji huwa mwenye mnyama, ambaye, tuseme kweli, aghalabu hulilia hasara kuliko maumivu. Wanazuoni wa hisba, yaani usimamizi wa soko na maadili katika Uislamu, miongoni mwao al-Shayzari wa karne ya 12, waliwaweka matabibu wa wanyama chini ya jicho la muhtasibu, mkaguzi wa soko, naye hakulazimika kungoja mashitaka. Mimi naafikiana nao: mkaguzi na amfumbue punda kinywa kwanza, kisha ndipo amsikilize mwenye mali.