Machungwa Yaliyouzwa Yangali Maua

Mahubiri ya Sikukuu ya Mavuno
Masomo: Walawi 19:23–25, Nehemia 5:1–13



Leo altare imezungukwa na mavuno: mahindi, mihogo, nazi, na zaidi ya yote machungwa. Sisi watu wa Muheza Mungu ametupa udongo na mvua zinazoupenda mchungwa. Malori yatoka kwetu kwenda Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, na watu wasioijua hata njia ya kufika huku huburudishwa kwa jasho letu. Ni haki tushukuru. Lakini kabla hatujashukuru ninalo neno moja la kuwaambieni, nalo laanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana, siku kama ya leo, lililetwa hapa mbele tenga moja zuri la machungwa yale yenye kitovu, makubwa na matamu. Nikayabariki. Baada ya ibada nikagawiwa, nikala pamoja na wageni wangu. Siku chache baadaye nilimtembelea mjane mmoja wa mtaa wetu, nikamwuliza, "Mama, mbona hatukukuona siku ya Mavuno?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, ningeleta nini? Machungwa yangu yalitangulia kufika. Lile tenga la mbele ni la mti wa mlangoni kwangu, ule aliobebesha marehemu. Niliuuza ungali maua."

Neno lile halijanitoka moyoni. Ninyi mwajua jinsi mambo yanavyokwenda. Mvua za vuli zikinyesha, michungwa huchanua. Januari ikifika, mtoto atakiwa kurudi shuleni na sare na madaftari, na ndani chakula kimekwisha. Matunda yapo mtini, lakini hayajafikia hata ukubwa wa ndimu. Ndipo ajapo jirani mwenye fedha, akaihesabu miti, akatoa kidogo, na tangu siku hiyo matunda yote ni yake mpaka mavuno. Mama yule aliendelea kupalilia, kwa kuwa miti iko mlangoni pake. Aliwakataza wanawe wasitungue chungwa hata moja, kwa maana hayakuwa yao tena.

Jirani yule hakuiba. Walipatana, na mashahidi walikuwapo. Naye ni mwenzetu, twapiga magoti pamoja mbele ya altare hii. Ndiyo maana jambo hili ni gumu: hakuna wa kumshitaki, na hata hivyo mjane alishindwa kuja kumshukuru Mungu kwa sababu shukrani yake ililetwa na mtu mwingine.

Sasa tulisikilize Neno. Katika Walawi 19 Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba wakiisha kuingia katika nchi na kupanda miti ya matunda, kwa miaka mitatu wasile matunda yake. Ya mwaka wa nne yawe matakatifu, ya kumsifu Bwana. Mwaka wa tano ndipo wale. Mkulima wa machungwa aielewa sheria hii upesi kuliko mwanachuoni. Yeye huotesha mche wa mlimau, hukata kijiti chenye macho kutoka mchungwa mzuri, hukibebesha juu ya mche ule, kisha hungoja. Mwaka wa tatu au wa nne mti huanza kuonyesha matunda, na mwenye busara hafanyi haraka kuushukuru tumbo lake. Kwanza amshukuru aliyeukuza.

Tazameni, Mungu aliwaagiza wote wangoje, maskini na tajiri. Lakini kwetu sisi kungoja kumekuwa mali ya mwenye fedha peke yake. Tena mwajua tabia ya chungwa. Embe lililokomaa ukilichuma, ukalifunika, litaiva ndani. Ndizi vivyo hivyo. Chungwa sivyo. Likitoka mtini halijafikia utamu wake, halitaupata tena. Kwa hiyo utamu wa chungwa ni wa yule awezaye kungoja. Anunuaye maua ya mjane amemnyang'anya kungoja kwake, naye amempa bei ya njaa ya Januari kwa utamu wa Julai.

Wala msiseme kwamba haya ni mambo ya biashara, hayahusu kanisa. Amri ya kumpenda jirani yako kama nafsi yako, aliyoitaja Bwana Yesu kuwa ya pili katika zile kuu, imeandikwa katika sura hiyo hiyo, mstari wa 18. Mistari mitano tu baadaye yaja habari ya miti ya matunda. Mwishoni mwa sura, mstari wa 35 na 36, yaja habari ya vipimo vya haki. Mungu ameviweka pamoja jirani, mti na kipimo. Sisi tusivitenge.

Katika siku za Nehemia watu walilia kwa sababu ya njaa. Walikuwa wameweka rehani mashamba yao, mizabibu yao na nyumba zao ili wapate nafaka, na waliowakopesha hawakuwa wageni. Walikuwa Wayahudi wenzao. Nehemia alikasirika, lakini hakusema "ninyi" tu. Alikiri kwamba yeye na ndugu zake nao walikuwa wakikopesha, akasema tuache. Basi na mimi nakiri. Nilikula machungwa yale bila kuuliza yametoka wapi, na tangu nilipoambiwa nimekaa kimya mwaka mzima kwa kuogopa kumwudhi mtu.

Kwa hiyo nasema leo. Wewe uliyenunua maua ya jirani yako, mwendee kabla ya juma hili kwisha. Toa hesabu ya gharama zako na faida ya haki, na kinachozidi umrudishie. Wewe uuzaye, usiuze miti yote kwa siku moja. Mwite mtu wa kukusaidia kuhesabu, na mapatano yaandikwe. Na ikiwa uliuza maua ili upate pombe, au ili harusi yako iwe kubwa kuliko ya jirani, usimlaumu mnunuzi, bali utubu. Na sisi kanisa, tusimwambie mwenye njaa angoje huku tumekunja mikono. Wazee wa kanisa wamekubali kwamba fedha za mnada wa mavuno ya leo ziwekwe katika sanduku la peke yake. Januari atakayebanwa atakopeshwa bila riba, naye atarudisha machungwa yake yakiisha kuuzwa.

Fedha zile ni chache. Hazitatosha wote. Lakini zikimwezesha mjane mmoja kungoja mpaka chungwa lake liive, mwaka ujao atakuja mwenyewe na tenga lake kichwani, naye ataliweka hapa kwa mikono yake.

Nehemia alipokwisha kusema, mkutano wote ukasema Amina, ukamsifu Bwana, na watu wakafanya kama walivyoahidi. Kusema Amina twajua. Mvua za vuli zi karibu, michungwa itachanua tena, na hapo ndipo itakapojulikana Amina yetu ya leo ilikuwa ya namna gani.

Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.