Shati la Mtoto na Jicho la Mwalimu

Kuna maswali ambayo wanafalsafa hawajayaandikia vitabu kwa sababu wengi wao hawakuwahi kujifulia nguo. Hili ni moja: je, mzazi ana wajibu wa kumpigia mtoto pasi sare ya shule? Najua linasikika kama mzaha. Utasema nchi ina mambo mazito kuliko hayo: karo, bei ya unga, vijana bila kazi. Sawa. Lakini kabla hujacheka, hebu tupige hesabu.

Shati na kaptula, au shati na sketi, ni dakika 10 hivi. Shule ni siku 5 kwa wiki, na mwaka wa masomo una wiki 39 hivi. Hiyo ni dakika 1,950, yaani saa 32 na nusu kwa mtoto mmoja. Kuanzia Gredi ya 1 hadi ya 9 inafika zaidi ya saa 290, ambazo ni kama siku 12 usiku na mchana bila kufunga macho. Kama una watoto watatu, zidisha mwenyewe. Halafu kuna stima. Pasi ya kawaida hula wati 1,000 au zaidi, kwa hivyo saa moja ya pasi inaweza kumeza karibu yuniti nzima ya tokeni. Kwa nyumba yenye taa mbili na simu za kuchaji, yuniti hiyo ingesukuma siku kadhaa.

Kwa hivyo si swali dogo. Ni muda na pesa, na wanaotoa mara nyingi ni watu ambao hawana vyote viwili. Kitu kinachokula hivyo lazima kiwe na sababu. Mimi nimesikia sababu tatu.

Ya kwanza ni usafi. Mtoto msafi, wanasema, ni mtoto aliyepigiwa pasi. Hapa kuna vitu viwili ambavyo tumevichanganya mpaka tumesahau ni viwili. Shati linaweza kuwa safi kabisa na limekunjamana kama karatasi ya jana. Linaweza pia kunyooka kama ubao huku kwapa likinuka. Maji na sabuni ndiyo huondoa uchafu. Pasi inanyoosha tu.

Nitakubali jambo moja, kwa sababu ni la kweli. Sehemu nyingi za Afrika ya joto kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Ukivaa nguo hiyo, buu linaingia ndani ya ngozi na kutengeneza jipu lenye uhai. Joto la pasi huua mayai hayo, na ndiyo maana kuna wazee waliokuwa wakipiga pasi kila kitu, hata nepi. Hiyo ni sababu halali. Lakini angalia inakotupeleka. Kama tungepiga pasi kwa ajili ya afya, tungeanza na vesti na chupi, zile zinazogusa ngozi siku nzima. Nani hukagua vesti? Jumatatu asubuhi kwenye paredi mwalimu wa zamu huangalia kola. Kinachotafutwa pale hakihusiani na buu wala jipu.

Sababu ya pili ni nidhamu. Mtoto aliyenyooka nguo, tunaambiwa, atanyooka na tabia. Wazo hili lina historia. Sare zetu za shule zilikuja na wamishonari na serikali ya kikoloni, na kaki ile ile ilimvika askari na mwanafunzi. Paredi, mistari, kukaguliwa kucha na kola, vyote vina harufu ya kambi. Wakoloni walienda, paredi ikabaki, na leo hatuulizi tena inafundisha nini.

Tuseme basi inafundisha nidhamu. Ya nani? Mtoto wa Gredi ya 2 ana miaka saba au minane. Hagusi pasi, na hafai kuigusa akiwa peke yake. Shati lake likiwa na mikunjo, yeye hakufanya kosa lolote. Mtu mzima nyumbani alichelewa kutoka kazini, au stima ilipotea saa mbili usiku na tokeni ya mwisho ikaisha, au pasi ya makaa ilikosa makaa. Ukimtoa mtoto mbele ya wenzake kwa sababu ya shati hilo, umemwadhibu kwa kazi ya mtu mwingine. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa, kimwili au kisaikolojia. Wengi wetu tunaikumbuka sheria hii tukiongea kuhusu kiboko. Hatuikumbuki tukiongea kuhusu yule mtoto anayesimamishwa mbele ya shule nzima huku wenzake wakicheka kola yake.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonisumbua, na ndiyo iliyofanya niandike haya. Ni heshima.

Kwa ploti yetu kuna mama anayeuza chapati na maharagwe. Watoto wake wawili wako shule ya msingi. Taa yake huwaka saa kumi na nusu alfajiri, na kabla ya kukanda unga hupiga pasi. Siku moja nilimuuliza, kwa ule ujuaji wa mtu asiye na mtoto.

"Mama, kwani huwezi lala hata hiyo nusu saa? Hao watoto watarudi jioni wakiwa wamejipaka vumbi."

Alinitazama vile unamtazama mtu anayeuliza kwa nini watu hula.

"Wewe kijana. Mwalimu wao hajawahi kuja kwangu. Hajui naamka saa ngapi. Kitu anajua kunihusu ni hiyo shati."

Sikuwa na jibu, na bado sina la kumrudishia. Alichosema kinaonyesha kwamba shati la mtoto ni barua. Mzazi anaiandika usiku, mtoto anaibeba, na mtu asiyemjua mzazi anaisoma asubuhi. Barua inasema: huyu ana mtu, msimguse ovyo.

Shida ni kwamba barua haisomwi sawa kwa kila mtu. Mtoto wa wenye nazo akishuka kwenye gari na shati limekunjamana, watu husema ni mtundu, atakuwa amelala ndani ya gari. Wa kibandani akifika na shati hilo hilo, husema kwao hakuna mtu. Mkunjo ni ule ule, lakini kwa mmoja ni tabia ya utoto na kwa mwingine ni ushahidi dhidi ya mama yake. Kwa hivyo mwenye kidogo ndiye analazimika kupiga pasi zaidi. Na asiye na stima hutafuta njia. Kuna wanaokunja suruali vizuri na kuilalia chini ya godoro. Kuna wanaotia makaa kwenye sufuria na kuisukuma juu ya kola. Waswahili husema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Tukiona mtoto wa mtaa wa mabanda amenyooka kama karani wa benki, tujue kuna mtu hakulala.

Kuna watu wa rika langu ambao wana jibu la haraka: acheni tu. Nguo ni nguo. Mimi mwenyewe niliacha chuo, naandika nikiwa na fulana ambayo haijawahi kukutana na pasi, na wanaonilipa hawajui wala hawajali. Lakini mimi nimekaa nyuma ya skrini, ambapo hakuna anayeniona. Mtoto wa Gredi ya 4 anaonekana na watu 50 darasani kuanzia saa moja na nusu asubuhi. Nikimwambia mama yake aache pasi ili kupinga mfumo, atakayelipia msimamo wangu ni huyo mtoto. Ni rahisi sana kufanya mapinduzi kwa kutumia mtoto wa mwenzako.

Kwa upande mwingine, siwezi kusema tu kwamba pasi ni upendo na tumalizie hapo. Upendo huu una mtu anayeulipia, na kwa kawaida ni yule yule. Utafiti wa KNBS wa 2021 kuhusu matumizi ya muda ulionyesha kwamba wanawake Kenya hutumia karibu mara tano ya muda wa wanaume kwa kazi za nyumbani na za kulea ambazo hazilipwi. Pasi ya Jumapili jioni imo ndani ya hesabu hiyo. Ikiwa si mama, ni dada wa kazi. Ikiwa si dada wa kazi, ni kifungua mimba wa kike, anayepiga pasi shati la kaka yake kabla ya kufungua kitabu chake mwenyewe. Na shati likiwa na mkunjo, hakuna anayeuliza baba alikuwa wapi. Tunasema, "Huyu mama yake ni mzembe." Sijawahi kusikia mtu akisema hivyo kuhusu baba kwa sababu ya kola.

Basi mzazi apige pasi au asipige?

Jibu langu ni kwamba tumekuwa tukimuuliza mtu asiye sahihi. Mzazi ana wajibu wa kumpeleka mtoto shule akiwa safi, ameshiba kadiri inavyowezekana, na nguo isiyomwacha uchi. Zaidi ya hapo, pasi ni zawadi. Ukiwa na nguvu na stima, mpe. Ukiwa huna, lala, na usiamke na hatia. Mtoto hajapungukiwa na malezi kwa sababu ya mstari wa mkono wa shati.

Wajibu uliobaki ni wa msomaji wa barua. Mwalimu ndiye ana nguvu ya kuamua mkunjo unamaanisha nini, na hiyo nguvu haimgharimu hata yuniti moja. Jirani anayenong'ona anayo. Kiranja anayeandika majina anaifuata tu ile aliyofundishwa. Shule ikiamua kesho kwamba ukaguzi ni wa usafi peke yake, ule mzigo wa saa 290 unakuwa hiari kwa kila nyumba, na hakuna mtoto anayetangulizwa vitani.

Hili si jambo la kufikirika tu. Mwaka wa 2003 serikali ilifuta karo ya shule za msingi, lakini sare ilibaki mzigo wa mzazi. Kuanzia mwaka huo huo, wachumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia wanafunzi wa shule 328 za magharibi mwa Kenya. Katika baadhi ya shule, wanafunzi walipewa sare bure, na wasichana waliopewa waliacha shule kwa kiwango kidogo kuliko wenzao, na wachache zaidi wakapata mimba za mapema. Kitambaa tu kiliwabakisha wasichana darasani. Ukishajua hivyo, unaona uzito wa kumrudisha mtoto nyumbani, au kumwaibisha mpaka ajirudishe mwenyewe, kwa sababu kitambaa hicho hakikupitishwa kwenye moto.

Mwalimu akiona shati limekunjamana siku tatu mfululizo, bado ana kazi ya kufanya. Huenda mama anaumwa. Huenda wamehamishwa nyumba. Hiyo ni sababu ya kumwita mtoto kando na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Kwenu kuko sawa?" Mkunjo ule ule unaoleta aibu ungeweza kuleta msaada. Tofauti iko kwa anayeuliza.

Na nyumbani pia kuna kitu cha kufanya, hasa kwa wanaume wa rika langu ambao wameanza kuitwa baba. Pasi si nzito. Mtu anayeweza kutazama mpira dakika 90 Jumapili anaweza kunyoosha mashati matano kabla ya mechi kuanza. Mtoto akifika miaka kumi na moja au kumi na mbili, msichana kwa mvulana, afundishwe kushika pasi huku mtu mzima akiwa karibu. Mstari ukipinda, utakuwa mstari wake, na hapo angalau nidhamu itakuwa yake pia.

Yule jirani yangu bado anapiga pasi, na nafikiri yuko sawa, kwa sababu anaishi katika dunia ilivyo. Lakini dunia hiyo imetengenezwa na macho yetu, na mtu anaweza kuanza kuyabadilisha kesho asubuhi stejini, mbele ya mtoto wa kwanza atakayepita na kola iliyojikunja. Mwangalie usoni.