Kamba Isiyo na Mwenyewe

Kuna adhabu katika nchi yetu ambayo bado inatamkwa mahakamani, lakini haijatekelezwa tangu mwaka 1994. Jaji wa Mahakama Kuu anamwambia mtu aliyesimama kizimbani kwamba atanyongwa hadi kufa. Ndugu wanalia nje, karandinga linawashwa. Halafu? Halafu hakuna kinachotokea. Mtu anarudishwa gerezani kusubiri siku ambayo hakuna anayeweza kumwambia kama itafika. Wapo waliozeekea humo.

Huku Simiyu ukiuliza kama adhabu ya kifo ibaki, jibu huja haraka: ibaki, aliyeua naye auawe. Nimelisikia jibu hilo Kimali, nimelisikia Bariadi mjini, na silidharau hata kidogo, maana mara nyingi linatoka kwa watu waliozika. Ila mimi nina swali ambalo nadhani linatangulia hilo: nani hasa, kwa jina lake na kwa mkono wake, anataka kamba hiyo ivutwe? Ukimtafuta mtu huyo ndani ya sheria yetu, humpati.

Twende taratibu. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia atahukumiwa kifo. Mjamzito na aliyetenda kosa akiwa chini ya miaka 18 ndio hawaguswi. Wengine wote, basi. Jaji hana kipimo cha kushika mkononi. Akishasema "umeua kwa kukusudia", sheria inamalizia sentensi yenyewe. Kwa hiyo jaji akirudi nyumbani jioni anaweza kusema, na kwa haki kabisa, kwamba si yeye, ni Bunge.

Ukiwauliza wabunge, watasema sheria hii tuliirithi kwa mkoloni, na tena mwenye neno la mwisho ni Rais, kwa sababu Katiba inampa uwezo wa kusamehe au kubadili adhabu. Sawa, twende kwa Rais. Septemba 2017, akimwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma, Rais Magufuli alisema wazi kwamba orodha ya wa kunyongwa asipelekewe, kwa kuwa anajua ugumu wa kuisaini. Tunazungumzia kiongozi ambaye hakuna aliyewahi kumwita mpole! Kalamu ile ilimshinda.

Basi kamba inapita mkono hadi mkono, na kila mmoja anaishika kwa ncha za vidole. Bunge linamwachia jaji, jaji anamwachia Rais, Rais anaiacha mezani. Nasi wananchi tunasema "serikali inyonge", kana kwamba serikali ni mtu wa mbali asiye na usingizi wa kupotea.

Haikuwa hivi siku zote. Krismasi ya mwaka 1971, huko Isimani, mkulima Saidi Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, akaupeleka mwili polisi mwenyewe. Alihukumiwa, na akanyongwa. Miaka michache baadaye, 1975, Kezilahabi akatoa *Dunia Uwanja wa Fujo*, ambamo Tumaini anamuua mkuu wa wilaya na kuhukumiwa kifo. Wasomaji wengi wameziona habari hizo mbili pamoja. Kinachonikaa mimi baada ya kuisoma riwaya ile ni kwamba tunamfahamu Tumaini tangu utoto. Tunajua alivyolelewa, alivyopotea, alivyojaribu kujijenga upya. Ikifika hukumu, hatuwezi kujifanya kwamba aliyesimama pale ni "muuaji" tu. Riwaya inayo nafasi ya kupima mtu mzima mzima. Kifungu cha 197 hakina.

Na hapo ndipo penye shida kubwa. Chukua kisa cha Kibeta. Agosti 2018, katika shule ya msingi mjini Bukoba, mwanafunzi wa darasa la tano alituhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu. Alipigwa, akafa. Machi 2019 Mahakama Kuu Bukoba ilimtia hatiani mwalimu wa nidhamu kwa kosa la mauaji, na kwa sheria ilivyo akahukumiwa kunyongwa. Mwenye mkoba, mwalimu mwenzake, aliachiwa huru.

Nataka nieleweke. Mtoto yule alienda shule asubuhi na hakurudi. Hakuna hoja ya kifalsafa inayofuta hilo, na aliyempiga alistahili kujibu. Lakini fimbo ile haikutoka porini. Kanuni za elimu zinaruhusu kiboko: kisizidi viboko vinne, na kichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Nani kati yetu aliyesoma shule za huku amewahi kuviona viboko vinne vikiishia vinne? Nani amewahi kuiona hiyo karatasi ya ruhusa? Nyumbani tunawaambia watoto mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na mzazi anampeleka mtoto shuleni na kumwambia mwalimu, "Mwalimu, huyu mnyooshe." Siku fimbo inapoua, sote tunarudi nyuma hatua tatu na mwalimu anabaki peke yake uwanjani. Tukimpa kamba, kesi imeisha. Hakuna haja ya kuuliza kuhusu kiboko. Sheria nayo inamweka kapu moja na mtu aliyemvizia mwenzake usiku kwa panga, kwa sababu haina kapu jingine.

Najua kuna wanaosoma hapa wakisema, haya, huyo ni mwalimu, vipi wauaji wa watu wenye ualbino? Vipi wanaowakata mapanga bibi zetu kwa sababu macho yao ni mekundu, macho ambayo yameiva kwa moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe miaka 60? Hili ni swali letu, Wasukuma, na hatuna ruhusa ya kulikwepa. Mwaka 2009, wakati Bariadi bado iko mkoa wa Shinyanga, mahakama huko Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua kijana mwenye ualbino wa miaka 14, na Novemba mwaka huohuo wengine wanne wakahukumiwa Shinyanga. Tulishangilia. Hata mimi naona zile hukumu zilikuwa na kazi yake: zilisema hadharani kwamba aliyeuawa ni mtu, wakati soko lilikuwa linasema ni bidhaa.

Lakini je, kamba ilizuia? Februari 2015, huko Chato, mtoto wa mwaka mmoja alinyang'anywa mikononi mwa mama yake na kuuawa. Mwezi mmoja tu kabla, serikali ilikuwa imetangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli, ikiwa ni kukiri kwamba biashara ile ilikuwa na mizizi ambayo hukumu ya anayeshika panga haiifikii. Anayeshika panga hukamatwa. Swali la nani alikuwa mnunuzi, mwenye fedha ya kulipa kwa mkono wa mtoto, liliendelea kuulizwa bila jibu.

Majaji wetu wenyewe wamelisumbukia jambo hili. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya, katika kesi ya Mbushuu, alisema adhabu ya kifo inakiuka Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaibatilisha hukumu hiyo, lakini soma ilichosema njiani: ilikubali kwamba adhabu hii ni ya kikatili na inamdhalilisha mtu, ila ikasema Katiba inairuhusu kwa manufaa ya umma. Yaani ukatili umekubaliwa, kisha umepewa kibali. Novemba 2019, Mahakama ya Afrika iliyoko hapohapo Arusha ikasema kumlazimisha jaji kutoa adhabu hii ni kuvunja haki ya kuishi. Uganda waliondoa ulazima huo mwaka 2009, Kenya 2017. Sheria yetu ikabaki na neno lake lilelile.

Tutazame Marekani, ambako kamba ina wenyewe. Februari 2018 kijana aliingia shule moja huko Parkland, Florida, akaua watu 17. Alikiri. Mwaka 2022 wazee wa baraza 12 walikaa kuamua afe au aishi. Tisa walitaka afe, watatu wakakataa, akapewa kifungo cha maisha. Wazazi wengi wa waliokufa walikasirika sana, na mwaka uliofuata Florida ikabadili sheria ili wanane watoshe. Mimi sitamani utaratibu wao, na nchi hiyo imeua zaidi ya wafungwa 1,500 tangu 1976 bila milio ya risasi kukoma madarasani. Ila kuna kitu kimoja pale: watu 12 walilazimika kumtazama mtu usoni na kusema "mimi nasema". Watatu walisema hapana, wakabeba lawama yake.

Msimamo wangu ni huu. Adhabu ambayo hakuna aliye tayari kuimiliki haifai kuwepo, kwa sababu inawadanganya waliofiwa. Tunawaambia haki imetendeka, kumbe tumewapa neno tu. Tumwachie jaji apime, na kifungo kirefu kiwe kifungo kirefu, kinachosemwa na kutekelezwa. Halafu tugeuke tuwatazame waliobaki. Wazee wetu walikuwa na utaratibu wa kulipa ng'ombe kwa ukoo uliopoteza mtu. Ulikuwa na kasoro zake, kwani damu ya tajiri na ya maskini hazikulipika sawa, lakini uliuliza swali ambalo mahakama yetu haiulizi: huyu mama aliyefiwa, kesho atakula nini, na nani atamlimia pamba yake?

Yule mama, jaji akishamaliza kusoma, anatoka nje na kupanda basi la kurudi kijijini. Hakuna anayempigia simu kumwambia kamba imefika wapi.